Kupanga Vyombo Kwenye Mashine Bila Kugombana: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Lubumbashi

Mashine ya kuoshea vyombo bado si kitu cha kila nyumba Lubumbashi. Ukienda mitaa ya Katuba au Kenya utakuta beseni mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, na kazi inakwenda. Lakini kule Golf, Bel-Air na kwingineko zimeanza kuonekana. Moja imevuka Kasumbalesa ikitoka Afrika Kusini, nyingine imefika ndani ya kontena pamoja na makochi ya ndugu aliyerudi kutoka Ubelgiji. Mara nyingi inakuja bila kitabu cha maelekezo, au kitabu kipo lakini ni cha Kijerumani. Basi kila mtu nyumbani anajitungia sheria zake, na haupiti muda mrefu unasikia sauti kutoka jikoni: "Ni nani tena amepanga hivi?"

Msimamo wangu niuseme mapema. Sehemu kubwa ya ubishi huu haihusu mapenzi ya mtu. Maji yanatoka mahali fulani na kuelekea mahali fulani, na chombo ambacho maji hayakukifikia hakitatakata hata kama kimepangwa na baba mwenye nyumba. Mambo ambayo kweli ni mazoea tu ni machache, na hayo ndiyo ya kupatana kwa maneno.

Anzeni na mashine tupu

Chagueni saa ambayo wote wapo, tuseme Jumapili mkishatoka kusali. Fungueni mlango, vuteni makapu yote mawili, la juu na la chini, myatoe kabisa. Sakafuni mtaona mkono mrefu wenye vitundu. Wa pili uko chini ya kapu la juu, na mashine nyingine zina wa tatu darini. Uzungusheni kwa kidole. Mikono hii haina mota yake. Inazungushwa na maji yenyewe yanapochomoka kwenye vitundu vilivyoelekezwa kwa mshazari. Ndiyo maana kijiko kimoja kirefu kikining'inia chini ya kapu kinatosha kuusimamisha mkono mzima, na hapo vyombo vya upande mmoja vinatoka safi na vya upande wa pili vinatoka na mchuzi wao.

Sasa rudisheni makapu na muulize watoto: maji yatapiga wapi? Wataona wenyewe kwamba yanatoka chini kwenda juu, na kwamba mkono umekaa katikati. Kwa hiyo uso mchafu wa chombo utazame chini, au utazame katikati. Kabla ya kuweka chochote popote, jiulize kama maji yatauona uso wake mchafu. Ukishajua hilo, nusu ya kanuni zinazofuata ungeweza kuzitunga mwenyewe.

Kama kuna anayeendelea kubisha, msimshinde kwa kelele. Siku moja apange yeye, kesho yake apange mwingine, vyombo vile vile, chakula kile kile, programu ile ile. Chakula kizuri cha jaribio hili ni bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) la mawese, maana hapo kuna wanga, majani na mafuta kwa pamoja. Mkimaliza pangeni sahani mezani mzitazame mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Sahani haina upande wa familia.

Kukwangua, si kuosha

Ugomvi wa kwanza kwa ukubwa ni huu: mmoja anasuuza kila sahani bombani hadi ing'ae, ndipo aiweke kwenye mashine. Mwingine anasema, kama umeshaiosha mashine ya nini?

Huyu wa pili ana haki, ila si yote. Sabuni ya mashine, iwe ya unga au ya kidonge, kwa kawaida ina vimeng'enya: kimoja kinakatakata wanga, kingine kinakatakata protini ya nyama, samaki na mayai. Vinahitaji uchafu wa kufanyia kazi. Tena mashine nyingi za kisasa zinapima jinsi maji yalivyochafuka na kuamua zioshe kwa nguvu kiasi gani. Ukiingiza sahani zilizokwisha suuzwa zote isipokuwa sufuria moja, mashine inaweza kudhani kazi ni nyepesi, na sufuria ndiyo itakayoumia. Isitoshe, mji wetu unajua siku za bomba la REGIDESO, shirika la maji, kukoroma bila kutoa tone. Kumwaga maji ya bomba ili kuandaa vyombo vya kuoshwa na maji mengine ni kulipa mara mbili.

Kwa hiyo kwangua tu. Mabaki yaende kwenye ndoo, mifupa ya samaki wa thomson yote itoke bila kubaki hata mmoja, kwa sababu mwiba ukipenya chujio unaweza kukwama kwenye pampu, na fundi wa pampu hizi hapatikani kila mtaa. Majani ya sombe na matembele yakwanguliwe vizuri pia. Hayaumizi pampu, lakini yanaziba chujio, na chujio likiziba maji machafu yanazunguka na kurudi juu ya vyombo.

Anayesuuza ana haki kwenye jambo moja, nalo ni bukari iliyokauka. Unga ulioiva ukikaukia kwenye sahani usiku kucha unakuwa kama saruji, na programu ya kawaida haiutoi wote. Kama mashine itawashwa kesho, sahani za bukari zilowekwe kidogo kwenye beseni, au utumie programu fupi ya kusuuza kwa maji baridi ambayo mashine nyingi zinayo. Inatumia lita chache tu. Sufuria yenyewe ya bukari, ile yenye ukoko, ilowekwe na kuoshwa kwa mkono. Msibishane juu yake.

Mafuta ya mawese yana tabia yake. Yanayeyuka karibu na nyuzi 35, na asubuhi za Juni na Julai, mnazijua, yanakuwa mazito hata ndani ya chupa. Ukiosha sahani za mawese kwa programu ya haraka yenye joto dogo, mafuta yanatoka kwenye sahani na kujibandika kwenye kuta za mashine na ndani ya mabomba. Yafute kwanza kwa karatasi. Na vyombo vya plastiki vikishaingiwa na rangi ile ya machungwa, aliyepanga msimlaumu. Rangi ya mawese hupenda mafuta, na plastiki inaishika. Ikizama haitoki.

Vinavyobaki nje

Hapa ndipo watu wanapoumizana kweli, kwa sababu kosa la kupanga linarekebishwa kesho, ila chombo kilichoharibika hakirudi.

Kwanza kabisa ni sufuria za aluminiamu, zile za kuyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu zinazouzwa sokoni, ambazo ndizo moyo wa jiko letu. Sabuni ya mashine ni kali kuliko ile ya beseni na inakula ngozi nyembamba inayoilinda aluminiamu. Sufuria inaingia ikiwa nyeupe, inatoka ya kijivu, na ukiigusa inaacha weusi kidoleni. Mama mkwe akija kutoka Likasi na kukuta sufuria aliyoipa nyumba siku ya ndoa imekuwa hivyo, hakuna maelezo ya kemia yatakayokusaidia.

Mwiko wa mti nao usiingie. Unavimba kwa maji ya moto, unakauka, unapasuka, na kwenye ufa bukari ya leo inakaa ikisubiri ya kesho. Vivyo hivyo kinu kidogo cha kutwangia pilipili na ubao wa kukatia nyama. Chuma cha kumwaga kinapata kutu. Visu vikali vya jikoni vinakuwa butu. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vile vya kabati la kioo sebuleni, vinapoteza dhahabu yake kidogo kidogo. Sahani za bati lenye enameli zinaweza kuingia kama hazijabanduka. Zikibanduka, kutu inaanzia pale pale.

Andikeni orodha kwa mkono, mwibandike ndani ya mlango wa kabati lililo juu ya mashine. Karatasi inakataza bila kumvunjia mtu heshima. Vyombo ambavyo hamvijui, geuzeni chini muangalie: vingi vinavyoweza kuingia vina mchoro mdogo wa sahani na matone ya maji.

Kapu la chini

Huku maji yana nguvu zaidi, kwa hiyo vyombo vizito na vichafu zaidi vinakaa hapa. Sahani zisimame kwenye nafasi zake, kila moja na yake, zikitazama katikati. Nyingine zinatazama kulia na nyingine kushoto, zikikutana uso kwa uso. Anayezipanga zote zikitazama upande mmoja hajaharibu sana, lakini zile za nyuma zinapata migongo ya wenzake badala ya maji.

Zisibanane. Mtu wa beseni amezoea kurundika, na ni mazoea mazuri kwenye beseni, kwa sababu mkono unaichukua moja moja. Mashine haina mkono wa kutenganisha. Sahani mbili zilizogusana zinabaki na duara la mchuzi pale zilipogusana. Mashine ya upana wa sentimita 60 imetengenezwa kwa vyombo vya watu 12 hadi 14, sahani tambarare za Ulaya lakini. Bakuli zetu za kina zinapunguza hesabu hiyo, na anayelazimisha zote ziingie mara moja atawasha mara ya pili.

Sufuria za chuma kisichoshika kutu zilale kifudifudi, pembeni au nyuma. Sinia na vifuniko vikubwa visisimame mbele karibu na mlango. Kisanduku cha sabuni kiko mlangoni, na kikishindwa kufunguka kwa sababu sinia limekiegemea, mashine itazunguka saa tatu kwa maji matupu. Mkikuta kidonge kizima kimebaki ndani ya kisanduku mwisho wa kazi, mkosaji ni sinia.

Kapu la juu

Glasi, vikombe, bakuli ndogo, plastiki zote. Kila kitu kifudifudi na kimeinama kidogo. Kikombe kilichosimama wima kinajaa maji machafu, na kile kilicholala sawasawa kinabaki na kidimbwi juu ya tako lake. Plastiki nyepesi zibanwe kati ya vyombo vizito, la sivyo maji yanazipindua na kuzijaza.

Mkishamaliza, zungusheni mikono yote miwili kwa kidole kabla ya kufunga. Sekunde mbili tu. Ningekuwa na uwezo wa kuweka sheria moja katika kila nyumba yenye mashine hii, ningeweka hiyo.

Vijiko, uma na visu

Visu vya mezani viwe na ncha chini. Hapa sitaki mjadala: mtoto anaweza kuingiza mkono.

Uma na vijiko ndipo mnaporuhusiwa kubishana. Kichwa juu, maji yanakiona vizuri. Kichwa chini, anayetoa hashiki sehemu inayoingia mdomoni. Zote mbili zinafanya kazi. Cha muhimu ni kuchanganya, uma hapa kijiko pale, ili kijiko kisilale ndani ya mgongo wa kijiko kingine na kutoka na uji wa asubuhi. Mimi ningemwachia uamuzi yule anayevitoa, kwa kuwa ndiye anayevishika.

Sabuni, chumvi na programu

Sabuni ya kuoshea kwa mkono isiingie hata tone. Povu litajaza mashine na kutokea chini ya mlango. Na omo ya nguo si mbadala.

Kama birika lenu linashika ukoko mweupe, maji yenu yana chokaa, na maji ya visima vingi vya hapa ndivyo yalivyo. Mashine nyingi za Ulaya zina tundu la chumvi sakafuni. Chumvi hii haioshi vyombo. Inasafisha chembe zinazonasa chokaa kabla maji hayajaingia. Lazima iwe ile ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi. Chumvi ya mezani ina iodini na dawa ya kuzuia kugandamana, na punje zake laini zinaweza kuziba. Itieni dakika chache kabla ya kuwasha, ili ile iliyomwagika nje isuuzwe isile chuma.

Programu ya "eko" inaleta ubishi kwa sababu ya saa. Inakwenda saa tatu na zaidi, na kuna atakayesema mashine imekufa. Haijafa. Inaosha kwa joto la karibu nyuzi 50 na maji ya lita kumi hivi, kwa hiyo inaiachia sabuni muda wa kufanya kazi. Yaani bidoni moja ya lita 20 inaosha mara mbili, na kwa beseni sijui nani angeweza. Programu kali ya nyuzi 65 au 70 ndiyo ya sufuria na mawese. Ile ya nusu saa ni ya glasi za wageni.

Umeme na maji ya hapa kwetu

Eko ni nzuri mahali ambapo umeme haukatiki. Kama SNEL, shirika la umeme, inawapa saa mbili, chagueni programu fupi yenye joto kubwa, mtakuwa na vyombo safi badala ya mashine iliyosimama katikati. Umeme ukikatika, msifungue na kuanza kutumia vyombo: vina sabuni kali juu yake. Mashine nyingi zinaendelea zilipoishia umeme ukirudi. Usiporudi hadi kesho, maji yatanuka. Yatoeni kwa kufuta programu na kuanza upya. Mkihitaji sahani usiku huo, zisuuzwe vizuri kwa mkono.

Kipasha joto cha mashine kinavuta wati 1,800 hadi 2,400. Jenereta ndogo ya wati 1,000 haitaiweza, msiijaribu. Kifaa cha kusawazisha volti kinunuliwe kabla ya mashine kuwashwa mara ya kwanza.

Maji ya tangi nayo yana hesabu. Kila mita kumi za urefu zinatoa shinikizo la bari moja. Mashine nyingi zinataka angalau nusu bari, yaani tangi liwe mita tano juu ya bomba la mashine. Tangi la mita tatu linajaza polepole, mashine inakata tamaa na kuonyesha kosa, na watu wanaanza kuulizana nani amepanga vibaya.

Nani ana neno la mwisho

Kinachochoma zaidi si sahani iliyopangwa vibaya. Ni mtu kupanga, akatoka, kisha akasikia nyuma yake vyombo vikipanguliwa kimoja kimoja. Kwa hiyo sheria iwe hivi: aliyepanga ndiye anayebonyeza, na mwenye maoni ayatoe kabla mlango haujafungwa, au baada ya vyombo kutoka.

Kama nyumbani kuna msaidizi anayepanga kila siku, afundishwe wa kwanza, tena akiwa mbele ya mashine tupu, na awe na neno kuliko ninyi mnaopanga Jumapili tu. Mara nyingi ndiye anayelaumiwa kwa kila kikombe kilichovunjika. Historia ya mashine yenyewe inaanzia hapo: Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alichoshwa na watumishi waliokuwa wakizibandua sahani zake za thamani, akabuni mashine yenye vizimba vya waya vilivyopangwa kufuata umbo la kila chombo, akapata hataza yake mwaka 1886. Mwaka 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wateja wake wa mwanzo walikuwa hoteli. Angalieni kwamba hata yeye alianza kwa kupima sahani na kuzitafutia nafasi.

Mama mkwe ni suala la adabu kabla ya kuwa suala la maji. Usimsahihishe mbele ya wajukuu. Mume ndiye azungumze na mama yake, kwa utulivu, na wewe ukitaka kuonyesha kitu anza na "Mama, naomba nikuonyeshe mkono huu unavyozunguka." Akikataa mashine kabisa, apewe beseni yake na sufuria zake. Si vita, na sufuria zake hazikupaswa kuingia hata hivyo. Yaya, yaani kaka au dada mkubwa, anayekuja likizo na kupangua kila kitu, yeye mpeni zamu ya kusafisha chujio.

Kutoa, na kusoma makosa

Anzeni kapu la chini. La juu lina vidimbwi juu ya vikombe, na mkilivuta kwanza, yanadondokea sahani zilizokauka. Plastiki kubaki na unyevu ni kawaida, haishiki joto la kujikaushia. Kuna kitambaa.

Vyombo vikitoka vibaya, msitafute mtu, tafuteni alama. Upande mmoja mchafu: mkono umezuiwa. Mchangamchanga wa majani ndani ya vikombe: chujio. Litoeni, lisuguliwe kwa mswaki wa zamani na maji ya moto, kila wiki katika nyumba inayopenda sombe. Mafuta kila mahali: joto lilikuwa dogo, au sabuni ilikaa wazi ikaloa unyevu wa mvua za Januari. Ukungu mweupe kwenye glasi: sugueni kwa siki. Ukitoka ni chokaa, ongezeni chumvi. Usipotoka, kioo kimeliwa, mara nyingi kwa sabuni nyingi mno. Glasi hizo hazirudi kuwa mpya, wapeni watoto wanywee maji.